Karafuu za Kungojea

Kinole,
Jumapili jioni.

Mwanangu Skola,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba, mama. Natumaini umefika salama, na kwamba huko Dodoma umekuta maji ya kuoga, maana nasikia mvua yao ni ya kuhadithiwa.

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na hali za watu wa nyumbani, kila mtu kwa jina lake, nami sitaki mwalimu wangu, popote alipo, aseme nimesahau. Watu wenyewe umekula nao ugali sasa hivi, lakini ukiisoma hii watakuwa mbali, kwa hiyo wapokee mmoja mmoja. Bibi yako hajambo, ila ule mguu wa kushoto, nao tumeshauzoea kama mgeni asiyeondoka. Anasema nikuandikie kwamba hajalia. Baba yako hajambo, tangu mchana anakaza skrubu ya gurudumu la begi lako, na gurudumu lilikuwa zima. Mdogo wako Beata hajambo, ameshapeleka mto wake upande wako wa kitanda na wewe bado hujaondoka. Mjomba wako Kanuti hajambo, atafika alfajiri kukubebea begi mpaka barabarani, ingawa mimi na yeye tangu Ijumaa tunaongea kwa kupitia bibi yako. Kuku wako mwenye shingo tupu naye hajambo, amehatamia, na vifaranga nitakuhesabia vikitoka. Mimi sijambo. Hofu yangu ni kwako tu, na wewe nakusikia hapo chumba cha pili ukimcheka Beata.

Utauliza kwa nini nisikuambie kwa mdomo, au nikupigie ukishafika. Kwa mdomo nilijaribu jana tukiwa mtoni, nikaishia kukuambia habari za sabuni. Kwenye simu ndiyo usiseme. Mtandao wetu mpaka nipande kigangoni, na pale kigangoni watu wamesimama kama wanangoja kuungama, kila mmoja anasikia ya mwenzake, halafu mimi nikisikia sauti yako nitalia na salio liishie kwenye kilio. Kwa kalamu naweza kulia na maneno yakaendelea.

Habari za chandarua, viatu vya mvua ambavyo huko huvihitaji, na kutokula vya njiani, zote nimeshasema, hadi baba yako akaniambia, "Mama Skola, mwache mtoto apumue." Sizirudii. Chandarua kiko chini kabisa, kimezungushiwa kanga ya bluu, nawe ukikifungua ndipo utakapoikuta barua hii.

Neno langu ni juu ya lile ulilosema Alhamisi tukikwangua magome ya mdalasini. Ulikuwa umeinama, hukuniangalia. Ukasema, "Mama, ule mkopo naogopa kuusaini. Nikimaliza nikakosa kazi nitaulipa na nini? Bora mjomba amalizane na yule tajiri. Au nibaki tu."

Mimi nikaendelea kukwangua, wewe ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Swali lako lilikuwa langu, nilikuwa nalo tangu siku jina lako lilipotoka, nikadhani nimelificha vizuri.

Sasa tuliweke mezani. Njia za kulipia chuo chako cha unesi ni mbili, ya tatu hakuna. Ya kwanza ni mkopo wa serikali wa wanafunzi. Umeshakubaliwa, unangoja sahihi yako huko chuoni wiki hii. Ya pili ni mikarafuu ya bibi yako. Tajiri wa karafuu yuko tayari kutoa ada ya miaka yote mitatu, pesa mkononi, naye achukue karafuu zetu za misimu mitatu zikiwa bado mtini. Mjomba wako anaitaka ya pili. Wewe kwa kuogopa deni umeanza kumfuata. Mimi siitaki, na kabla hujasema mama ni mkaidi, ngoja nikusimulie habari ya bati zilizo juu ya kichwa chako.

Mwaka ule wewe ulikuwa unatambaa. Nyumba ilikuwa ya nyasi, na mvua za huku wazijua, tulikuwa tunahamisha kitanda usiku kama watu wanaocheza ngoma. Majirani wa juu wakaezeka bati. Mvua ikinyesha, nasikia kwao inalia juu, kwetu inalia ndani. Ndipo akaja tajiri, huyu huyu wa sasa, wakati huo kijana mwembamba mwenye pikipiki. Ilikuwa miezi ya njaa, karafuu hazijaonyesha hata dalili. Akasimama chini ya mikarafuu, akainua uso, akatembea, akainua uso tena. Hakuhesabu kitu, alitazama tu. Akataja bei.

Skola, sikuwahi kushika pesa nyingi kiasi kile. Bati zilipanda mlima vichwani mwa watu, na mimi nyuma yao naimba. Tena nikajiona tajiri na mimi. Nikateremka mjini nikanunua vitambaa vya kufumwa vya kutandika kwenye makochi. Makochi hatuna mpaka leo. Vile vitambaa ndivyo bibi yako anavyofunikia ungo wa unga, na kila akivikunja huwa ananitazama.

Basi msimu ukafika. Mikarafuu ilizaa mwaka ule kama iliyochokozwa. Matawi yaliinama, na bei mjini ikapanda. Tajiri akatafuta wachumaji, na wachumaji ni nani? Ni sisi. Mimi, baba yako na bibi yako tukaandikwa vibarua. Nilipanda mti alioupanda mama yangu, huyu huyu bibi yako, nikachuma karafuu zangu mwenyewe, nikateremka, nikapanga foleni kwenye mizani ya mtu mwingine nilipwe ujira. Wewe ulikuwa umelala kwenye kanga pale chini.

Bibi yako ilipofika zamu yake, tajiri akatia mkono kwenye ndoo akamwambia, "Bibi, humu kuna majani, nakata."

Bibi akamjibu, "Kata, mwanangu. Na mti wenyewe ukate, uende nao."

Foleni nzima ilicheka, hata tajiri alicheka. Mimi sikucheka.

Ungedhani nilijifunza hapo hapo. Hapana. Kwa kuwa karafuu hazikuwa zetu, msimu ulipoisha hatukuwa na kitu, na miezi ya njaa iliporudi nilimfuata mwenyewe mjini. Hakunibembeleza. Nilikaa kwenye benchi mlangoni kwake kuanzia asubuhi nikingoja aamke, ili nimuuzie tena. Hivyo hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukaanza shule. Tulikuja kutoka kwenye mtego huo mwaka ule tuliosema hatuuzi hata ikiwaje, tukala ndizi mbichi na majani ya maboga, baba yako akibeba mananasi ya watu mpaka mabega yakachubuka. Nilikuwa namficha mjomba wako. Alipokuja akafunua chungu akakuta maji, hakunifokea. Alikaa kizingitini akasema, "Dada, mimi ni nani kwako?" Neno lile liliniuma kuliko njaa. Kwa hiyo nakuomba, ukilala na njaa huko, usinifiche kama nilivyomficha kaka yangu.

Usidhani namsema vibaya tajiri. Si mwizi yule. Tulichopatana alilipa, hakupunguza. Kosa lilikuwa kuuza kitu ambacho mwenyewe sijakijua ukubwa wake, kwa sababu tumbo limenishika mkono. Na sisi watu wa huku wote tunalijua kosa hili, tunacheka nalo kwenye foleni ya mizani, halafu mwakani tunalirudia.

Sasa mjomba wako. Ijumaa wakati wewe umeenda kuaga kwa katekista, alikuja tukazungumza, na kuzungumza kwenyewe, kwa neno la bibi yako, kulikuwa kupiga kelele. Usimwone mbaya. Unajua walivyokopeshwa mbolea kwa kikundi, mvua ikaosha mbegu na mbolea yenyewe, na watu wakaja kuchukua mbuzi wake mchana watoto wakiangalia. Mtu aliyeona mbuzi wake wanavutwa kwa kamba ana haki ya kuogopa karatasi. Aliniambia, "Tajiri ni mtu, dada, siku moja atakufa. Serikali haifi. Utamwachia mtoto deni lisilokufa?"

Nikamwambia, "Huyu tajiri wako nimemwuzia tangu Skola anatambaa. Mbona hajafa?"

Bibi yako akacheka, mjomba akakasirika zaidi. Akasema mikarafuu ni ya ukoo na Skola ni wa ukoo, basi imsomeshe, ndiyo kazi yake. Hapo nikashindwa kunyamaza. Kweli ni ya ukoo. Kwetu Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Mimi nimeipokea kwa bibi yako, na baada yangu ni yako wewe na Beata. Kwa hiyo nilimwuliza, "Kaka, ukiuza karafuu za Skola ili umsomeshe Skola, umempa nini?" Alivaa kofia yake akaondoka, na ndiyo maana tunaongea kwa kupitia bibi.

Lakini kumshinda mtu kwa maneno si kuwa na haki. Alipoondoka nilikaa na hofu yangu. Nikasema, mimi nakataa njia moja kwa sababu iliniunguza. Je, hii nyingine naijua? Sijui hata mshahara wa nesi ni kitu gani. Basi jana ulipodhani nimeenda kununua chumvi, nilikwenda zahanati kwa Nesi Rehema, yule binti wa Tanga anayetupima presha. Nilibeba chane moja ya ndizi. Akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia siumwi, nimekuja kukuuliza jambo la aibu: unalipwa ngapi?

Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Mama Skola, hata mume wangu hajui." Halafu akafunga mlango.

Alinieleza kwa zile ndizi. Akaiweka chane mezani, akasema huu ndio mshahara wangu wote kabla sijauona. Akachomoa ndizi ya kodi. Akachomoa ya pensheni na bima. Akachomoa ya mkopo wa chuo, akaipima pima mkononi, akaongeza na kipande. Zilizobaki, akasema, ndizo zinazofika. Nilizitazama. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyoogopa mimi, na alisema ni chache kuliko alivyoota yeye akiwa chuoni.

Nikamwuliza deni lake lote la chuo lilikuwa kiasi gani ukilipima kwa mshahara. Akafikiri, akasema ni kama mshahara wa mwaka mzima, kama mtu angeweza kukaa mwaka mzima bila kula wala kuvaa. Linakatwa kidogo kidogo, bado halijaisha, lakini mwisho wake anauona. Mimi nikapiga hesabu yangu kimoyomoyo. Mikarafuu yetu yote, msimu mzuri, ikichumwa, ikichambuliwa na kukaushwa na sisi wenyewe, haivuki mshahara wake wa miezi mitatu. Nawe ukipata kazi utaipata ile miezi mitatu, na mingine, na mingine, mvua inyeshe au isinyeshe. Hapo moyo wangu ukainuka.

Yeye akaurudisha chini. Akasema, "Usifurahi haraka. Hujaniuliza nilikaa miaka mingapi bila hizi ndizi."

Miwili, Skola. Alimaliza, akafaulu, akapata leseni, na ajira haikutoka. Alijitolea kwenye hospitali moja mjini, zamu za usiku na za mchana, anavaa sare nyeupe kama wenzake, mwisho wa mwezi wenzake wanapanga foleni benki yeye anapewa nauli. Chumba cha kupanga kinataka kodi. Kwao wakadhani ameshakuwa nesi, wakaanza kumwomba ada ya wadogo zake, naye akaona aibu kusema hana. Akakopa kwenye simu. Akakopa kwenye kikundi cha akina mama ili alipe ya kwenye simu. Aliniambia maneno haya, nimeyashika kama yalivyo: "Deni la chuo, mama, lina adabu. Nisikufiche, likicheleweshwa linaongezeka, lakini najua ni kiasi gani, na linachukua lake kabla sijaamka. Lililonimaliza ni deni la kungojea. Lile hakuna aliyeniambia nitakuwa nalo."

Nilipanda mlima kurudi, chumvi yenyewe nimesahau, nikiwa na neno hilo moja. Deni la kungojea. Nilikuwa nalijua! Ndilo lililonikalisha kwenye benchi la tajiri. Sikuuza karafuu kwa sababu ya bati peke yake, bati niliezeka mara moja tu. Miaka yote iliyofuata niliuza kwa sababu nilishindwa kungojea msimu. Tajiri hanunui karafuu, mwanangu, ananunua kushindwa kwetu kungojea. Yeye ana chakula ndani, anaweza kungojea, basi.

Ndiyo hesabu yangu, nayo nimeifanya bila mwalimu, kwa hiyo wewe uliyesoma ikague. Mkopo ulipe chuo. Ukubali, usaini, ni deni lenye ukubwa unaojulikana, na utalilipa kwa mshahara wa kazi, si kwa mti. Mikarafuu isiguswe kwa ada. Tutaichuma wenyewe, na kila msimu gunia moja la karafuu kavu litapanda darini, halitauzwa hata Beata akilia. Karafuu zikikauka vizuri haziozi, wajua, zinakaa hata miaka. Ukimaliza utakuta magunia matatu yanakungojea. Ajira ikitoka upesi, tutauza tushangilie. Ikichelewa, tutakuwa tunashusha gunia moja moja, ulipe chumba, ule, ujitolee huku umeshiba, na usikope kwenye simu ya mtu. Hizo ndizo karafuu za kungojea. Mjomba wako alitaka zikupeleke chuoni. Mimi nataka zikuokote utakapotoka.

Na ajira isipotoka kabisa? Najua utauliza, wewe ni wa kuuliza. Sijui. Nesi Rehema naye hajui. Atakayekuambia anajua, mtazame vizuri mikono, anakuuzia kitu. Ninachojua ni kwamba mtu mwenye leseni yake na gunia lake anangoja kwa namna moja, na mtu asiye na chochote anangoja kwa namna nyingine, na namna ya pili nimeishi.

Sitakuambia una wito, kama anavyosema katekista. Labda unao. Wito hauezeki nyumba. Nakuambia tu kwamba nilikuangalia mwaka ule mguu wa bibi ulipooza kwa kidonda, sisi wote tukishika pua, wewe ukiuosha kila asubuhi huku unamgombeza kwa nini amekanyaga matope, na bibi yako ambaye hagombezwi na padri alikuwa anakutii. Nikasema moyoni, hii ni kazi na huyu anaiweza. Mtu akilipwa kwa kazi anayoiweza, hiyo inatosha.

Kitu kingine sijawahi kukuambia vizuri, ingawa unajua vipande vipande. Nilitolewa shule darasa la tano. Nilikuwa nimevunja ungo, nikawekwa ndani, mwali, kama ilivyokuwa desturi. Nilikaa kwenye chumba kile ambacho sasa kina maharage. Kulikuwa na tundu ukutani, asubuhi nawasikia wenzangu wanapita kwenda shule wakipigizana kelele za jedwali la saba. Nikawa nahesabu nao kwa ndani. Wakatoka kwenye jedwali la saba wakaenda kwenye mambo ambayo siyajui, sauti zikabaki maneno tu, nikaacha kusikiliza. Nilipotolewa nilichezewa ngoma nzuri sana, watu wanaikumbuka hadi leo. Shule sikurudi, na hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimepungua.

Simlaumu bibi yako. Alifanya kama alivyofanyiwa. Lakini leo mchana, ulipokuwa unapanga nguo, alikuja jikoni na fimbo yake akaniambia, "Wewe nilikufungia. Huyu mfungulie." Akageuka akaenda zake, na mimi nikabaki nimeshika mwiko. Ndiyo maana amesema nikuandikie hajalia.

Kwa hiyo usiniambie tena "au nibaki tu". Neno lile ndilo lililonikata Alhamisi, si la mkopo. Uogope deni, sawa, mwenye akili anaogopa deni. Usiogope mpaka ukajifungia mwenyewe, maana safari hii hakuna aliyefunga mlango.

Pesa za mkopo zikianza kuingia, zile za kula, utajiona tajiri siku mbili tatu. Nakujua, damu yangu hiyo. Mimi sitakuwepo. Kumbuka tu vile vitambaa vya makochi.

Na mjomba wako, mpigie yeye kwanza kabla yangu. Usimweleze mahesabu, msalimie, mwulize mbuzi wamefikia wangapi. Akisikia wewe huogopi, hofu yake itapungua. Amelinda ukoo huu kwa namna anayoijua, na kesho begi lako litapanda begani kwake kabla ya kunipa hata salamu.

Sasa nisikilize, hapa ndipo nilipokuwa napaelekea. Tajiri anakuja Jumamosi kuchukua jibu. Mjomba wako akiwa hajasikia kitu kutoka kwako atampa mkono kwa niaba ya ukoo, kwa sababu atadhani umeshindwa kusaini na ada lazima ipatikane, nami sitakuwa na la kumzuia. Ukiwa umesaini, nitamwambia tajiri mwenyewe, kwa heshima, nimkaribishe na chai, kwamba mwaka huu hakuna cha kutazama juu. Ijumaa jioni nitakuwa kigangoni, nimepanda mapema, simu mkononi. Usinieleze mengi, watu watakuwa wanasikiliza.

Baba yako kuhusu mikarafuu hajasema neno, wala hatasema, yeye hapa ni mkwe na miti si ya kwao. Miaka yote alinyamaza, hata nilipouza. Lakini asubuhi nilipokwenda kuteka maji nimekuta ndoo kubwa nyuma ya nyumba imejaa ukindu, umekatwa jana, umelowekwa. Ile mikeka yetu ya kuanikia karafuu imetoboka kwa kuanika misimu yote hii, wajua, haifiki msimu ujao. Sikumwuliza. Yeye naye amejifanya ana shughuli na gurudumu la begi.

Ukindu ukikaa sana majini unaoza. Nitumie neno upesi, mwanangu, lile moja tu, nimesaini, niteremke nimwambie baba yako aanze kusuka.

Mimi mama yako,
Prisca